MAKALA, MATOFALI NA MAJI: UTUNZAJI WA MAZINGIRA NYUMBANI KATIKA MIJI YA BUTEMBO NA BENI

1.0 Utangulizi

Neno mazingira linatokana na kitenzi kuzinga, yaani kuzunguka. Kwa asili yake, mazingira ni vyote vinavyomzunguka mtu pale alipo. Hata hivyo, katika hotuba, katika mafunzo ya shule na katika vipindi vya redio mkoani Kivu ya Kaskazini, neno hili aghalabu hupeleka fikira mbali na nyumba: kwenye gorila wa milimani, theluji ya Ruwenzori na misitu ya Hifadhi ya Virunga. Si ajabu kuwa hivyo. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1925, ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini matumizi hayo ya neno yana hasara yake. Mkazi wa Butembo au Beni huishia kudhani kwamba mazingira ni shughuli ya walinzi wa hifadhi na wageni, ilhali vitu vinavyomzunguka yeye mwenyewe, kuanzia alfajiri hadi usiku, ni moshi wa jiko, ukuta wa nyumba, maji yanayotiririka kutoka paani na takataka za uani.

Makala haya yanakusudia kueleza namna kaya ya mjini, katika miji hii miwili, inavyoweza kupunguza uzito wake juu ya ardhi, misitu na hewa. Hoja kuu ni kwamba uzito huo hupimwa kwanza jikoni. Kaya inayotaka kutunza mazingira na ikaanza kwa jambo lingine lolote imeanza na lililo dogo. Kwa kuwa mambo haya huelezwa kwa lugha, uchunguzi utaanza kwa maneno yenyewe.

2.0 Maneno mawili: makala na jiko

Msomaji kutoka Mombasa au Zanzibar akifika sokoni Butembo na kusikia kwamba makala yamepanda bei, huenda akadhani kwamba watu wa huko ni wasomaji hodari wa majarida. Katika Kiswahili sanifu, makala yenye maana ya maandishi ni neno lililokopwa kutoka Kiarabu. Makala ya mashariki ya Kongo, yenye maana ya makaa ya kupikia, ni neno la Kibantu, ndugu halisi wa makaa ya Pwani. Tofauti yao ni konsonanti moja. Kiswahili cha Pwani kilidondosha sauti ya /l/ baina ya irabu katika maneno mengi ya kale, na lugha za bara zikaihifadhi. Mnande husema enzala pale Mswahili wa Pwani anaposema njaa, na husema embula pale mwenziwe anaposema mvua. Kwa hiyo makala si kosa la matamshi la kusahihishwa darasani. Ni umbo lenye historia yake, nalo ndilo litakalotumika hapa kwa maana ya makaa.

Neno la pili ni jiko. Katika Kiswahili, jiko ni chombo au mahali pa moto, na pia ni nyumba yenyewe kwa maana ya familia: kijana aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Kifaransa, lugha ya shule na ofisi nchini Kongo, kina neno foyer lenye maana hizo hizo mbili, moto na familia. Kwa sababu hiyo, mfasiri wa tangazo linalozungumzia foyer amélioré hana budi kuwa mwangalifu, la sivyo wasikilizaji watadhani wanahimizwa kurekebisha ndoa zao. Istilahi jiko bora inatosha, nayo inaeleweka. Hata panapotumika neno mbabula, lililoenea katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo kwa maana ya jiko la makala, hakuna haja ya kuliondoa. Ujumbe unaotumia neno ambalo mpishi analitumia kila siku una nafasi kubwa zaidi ya kufuatwa.

3.0 Safari ya makala hadi chunguni

3.1 Kinachopotea njiani

Makala hupatikana kwa kuchoma kuni polepole chini ya udongo, pasipo hewa ya kutosha. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 za makala, kulingana na ukavu wa kuni, aina ya mti na ustadi wa mchomaji. Zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti hupotea huko huko msituni. Mjini, jiko la bati lisilo na udongo ndani yake hupoteza tena sehemu kubwa ya joto kabla halijafika kwenye sufuria. Hivyo moto unaowiva chakula ni masalio madogo ya mti uliokatwa.

Hesabu rahisi itaonyesha jambo hili. Tuseme kaya moja inatumia gunia moja la kilo 50 kila mwezi. Kwa mwaka ni kilo 600 za makala. Ikiwa tanuri lilitoa kilo 15 kwa kila kilo 100 za kuni, basi kaya hiyo imetumia kilo 4,000 za kuni. Sasa tuseme kaya hiyo hiyo imepunguza matumizi yake kwa theluthi moja. Itanunua magunia 8 badala ya 12, na zaidi ya kilo 1,300 za kuni zitabaki zimesimama kama miti. Hakuna jambo jingine nyumbani, iwe ni kuchambua taka au kukataa mifuko ya plastiki, linaloweza kuleta matokeo makubwa kiasi hicho kwa juhudi ndogo kiasi hicho.

3.2 Gharama isiyoandikwa kwenye gunia

Katika eneo la Beni, hesabu ya kuni haiishii kwenye kilo na faranga. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yanayohusishwa na kundi la ADF yameyafanya mashamba na misitu ya pembezoni kuwa mahali pa hatari. Mama aliyezoea kwenda kutafuta kuni shambani akirejea na mzigo wa jioni amelazimika kuchagua baina ya moto na maisha yake. Familia nyingi zilizokimbia vijiji zimepokewa na jamaa zao mjini Beni na Butembo, na jiko lililokuwa la watu sita likawa la watu kumi na wawili. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingine za Kivu ya Kaskazini, hasa upande wa kusini wa Hifadhi ya Virunga, biashara ya makala imekuwa chanzo cha mapato ya makundi yenye silaha. Kwa hiyo kuokoa kuni katika mkoa huu ni kupunguza idadi ya safari ambazo mtu huenda asirudi.

3.3 Jiko bora

Jiko bora la makala hutofautiana na mbabula ya kawaida kwa mambo matatu. Kwanza, ndani yake kuna kikombe cha udongo uliochomwa, ambacho huzuia joto lisipotee kupitia ubavu wa bati. Pili, matundu yake ya chini huruhusu hewa kiasi cha haja tu, na mlango mdogo humwezesha mpishi kupunguza moto chakula kinapoanza kuchemka. Tatu, sufuria hukaa karibu na makala bila kuyagusa. Mfano uliojulikana sana katika Afrika Mashariki ni ule ulioendelezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata wazo lililotoka Thailand. Jiko hilo likitumiwa vizuri huokoa baina ya asilimia 30 na 50 ya makala. Huko Goma majiko ya namna hiyo yalienea kwa jina la Jiko Nguvu.

Mnunuzi ana mambo ya kuchunguza sokoni. Kikombe cha udongo kisiwe na ufa, na kishikamane vizuri na bati. Kikipigwa kwa kidole kitoe mlio mkavu. Mlio mzito ni dalili kwamba udongo haukuchomwa vya kutosha. Jiko likiisha kuwaka lisimwagiwe maji, kwani udongo wa moto ukikutana na maji baridi hupasuka. Makala yaliyobaki yazimwe kwa kufunikwa kwenye chungu au debe lenye kifuniko, ili yatumike kesho.

3.4 Namna ya kupika

Si kila kaya inaweza kununua jiko jipya leo. Lakini sehemu kubwa ya akiba hutokana na desturi za upishi, nazo hazina bei.

Mji wa Butembo upo kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Beni ni chini zaidi, kwenye mita 1,100 hivi. Hali hii ina athari jikoni. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi: Butembo huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, Beni nyuzi 96, wakati Pwani ni nyuzi 100. Maharagi hayajui kwamba maji yanachemka. Yanajua joto tu. Kwa hiyo maharagi yale yale huhitaji muda mrefu zaidi, na makala mengi zaidi, yakipikwa Butembo kuliko yakipikwa Mombasa. Kuongeza moto chini ya sufuria iliyokwisha kuchemka hakupandishi joto la maji hayo. Hukausha maji tu na kula makala.

Tiba yake ni hizi. Maharagi yalowekwe usiku kucha na maji ya kuloweka yamwagwe. Sufuria ifunikwe tangu mwanzo. Maji yakianza kuchemka, mlango wa jiko upunguzwe. Jiko liwekwe pasipopitiwa na upepo. Panapokuwepo sufuria ya presha, itumike, kwani ndiyo pekee inayopandisha joto la maji juu ya kiwango cha mwinuko. Pasipokuwepo, upo uwezekano wa kikapu cha joto: kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya migomba au nguo kuukuu. Maharagi yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa nusu saa, kisha sufuria ikiwa imefunikwa huzamishwa kapuni na kufunikwa kwa mto mzito, nayo huendelea kuiva kwa saa kadhaa bila moto. Nusu saa ya mwanzo isipunguzwe, kwani maharagi mabichi yana sumu ambayo huharibiwa na mchemko wa kweli, wala si uvuguvugu. Sombe nayo, ikiisha kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha bila kifuniko, inaweza kumalizikia kapuni. Obundu haufai kapuni. Wenyewe hutaka moto na mkono wenye nguvu, lakini ni wa dakika chache.

3.5 Hatari isiyo na moshi

Makala hupendwa mjini kwa sababu hayana moshi mwingi kama kuni. Sifa hii ina mtego ndani yake. Makala yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha, na ambayo huzuia damu isibebe oksijeni. Butembo ina usiku wa baridi, na desturi ya kuingiza mbabula chumbani ili kupasha joto kabla ya kulala ni hatari kubwa kuliko baridi yenyewe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala huenda asizitambue. Kanuni ni moja: makala yanayowaka yasilale chumba kimoja na watu. Kwa upande wa moshi wa kuni, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Dirisha la pili jikoni, tundu la juu ya ukuta au bomba la moshi ni sehemu ya utunzaji wa mazingira sawasawa na upandaji wa miti.

4.0 Mti wa kupandwa na mti wa kukatwa

Hata jiko bora linahitaji makala, na makala yanahitaji mti. Swali ni mti upi. Vilima vinavyouzunguka mji wa Butembo vimepandwa mikaratusi kwa wingi, na wakulima wadogo wameufanya mti huo kuwa akiba yao ya benki. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, na unaweza kuvunwa kwa kuni kila baada ya miaka michache. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala ulioongozwa na WWF uliwasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe, ili miji isitegemee misitu ya hifadhi. Jina la mradi huo linastahili kuangaliwa na wanaisimu, kwani lilichukua neno la watu, makala, badala ya kutunga jipya.

Mkaratusi, hata hivyo, hunyonya maji mengi na haufai kupandwa karibu na chemchemi wala katikati ya mazao. Kwenye mipaka ya shamba na ua wa nyumba, mgrevilea ni bora zaidi, kwa kuwa matawi yake hukatwa kwa kuni huku shina likikua, na kivuli chake hakidhuru sana mazao. Mparachichi hutoa tunda, kivuli na, unapozeeka, kuni.

Njia nyingine ni kuachana na makala kabisa kwa baadhi ya mapishi. Kwa miaka mingi Butembo ulijulikana kuwa mji mkubwa wa biashara usio na mtandao wa umeme wa taifa. Hifadhi ya Virunga ilifungua kituo kidogo cha umeme wa maji huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013, na kingine kikubwa zaidi huko Matebe, Rutshuru, mwaka 2015. Hivyo ilidhihirika kwamba mito ya mkoa huu inaweza kufanya kazi ya miti. Panapofika umeme, chombo cha kwanza cha kufikiriwa kiwe sufuria ya presha ya umeme kwa ajili ya maharagi, kwa sababu chakula hicho ndicho kinachokula makala kuliko vingine.

5.0 Ukuta na paa

5.1 Tofali

Nyumba nyingine huteketeza kuni hata kabla ya kupikiwa chakula cha kwanza. Tofali la kuchoma huhitaji tanuri linalowaka kwa siku kadhaa, na kuni zake hazionekani tena ukuta ukisha kupakwa lipu. Tofali la udongo lililokaushwa juani halihitaji kuni, lakini hubezwa kuwa la maskini kwa sababu huliwa na mvua. Ukweli ni kwamba udongo haushindwi na mvua ikiwa umewekewa kofia na viatu: paa lenye ukingo mrefu juu, na msingi wa mawe ulioinuka chini. Baina ya hayo mawili kuna tofali la kushindiliwa kwa mashine ya mkono, lililochanganywa na simenti ya asilimia 5 hadi 8 hivi, ambalo hukauka kivulini bila moto wowote. Mjenzi anaweza pia kutumia tofali la kuchoma kwenye sehemu zinazopigwa na maji tu, na la udongo kwenye kuta za ndani.

5.2 Maji ya paani

Eneo la Butembo na Beni hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati lenye mita za mraba 50 hupokea lita 500 katika mvua ya milimita 10. Hata ikipotea sehemu ya tano, lita 400 zinabaki, yaani bidoni 20 za lita 20 ambazo hakuna mtoto atakayezibeba kichwani kutoka chemchemini. Kwa mwaka mzima paa hilo hupokea zaidi ya lita 50,000.

Maji hayo yasipokusanywa hayatoweki. Hushuka mlimani kwa pamoja, paa baada ya paa, na kuchimba makorongo yanayokula njia na misingi ya nyumba za jirani wa chini. Mfereji wa bati, pipa lenye kifuniko na shimo la mawe la kupokea maji ya ziada huzuia hasara hiyo. Maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe, kwani hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe kwa wavu ili mbu wasizaliane.

Maji ya kunywa hayana budi kutibiwa. Kuyachemsha ni njia sahihi, lakini hurudisha gharama kwenye makala. Maji yaliyo maangavu yanaweza kutiwa katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, na kulazwa juu ya bati penye jua kali kwa saa 6, au kwa siku mbili ikiwa mawingu yametanda. Jua huua vijidudu vingi bila kuni wala faranga.

6.0 Taka na mapipa ya mlangoni

Sehemu kubwa ya takataka za kaya ya mjini hapa ni maganda ya ndizi na mihogo, majani na majivu. Hizi si taka. Ni mbolea iliyowekwa mahali pasipostahili. Zikirundikwa kwa tabaka pamoja na udongo, zikalindwa zisikauke wala zisilowe mno, hugeuka mbolea katika miezi michache. Vumbi la makala linaloachwa chini ya gunia linaweza kuchanganywa na udongo kidogo wa mfinyanzi, likafinyangwa kuwa mabonge na kukaushwa kwa ajili ya mapishi ya taratibu. Sashe za plastiki ndizo zisizo na njia nzuri ya kurudi. Serikali ilipiga marufuku utengenezaji, uingizaji na uuzaji wa mifuko ya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini amri haifiki sokoni kwa miguu yake yenyewe. Kikapu cha mwanzi hufika.

Miji hii imekwisha kuonyesha kwamba desturi ya nyumbani inaweza kubadilika. Wakati wa janga la Ebola, lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, ndoo yenye bomba ilisimama karibu kila mlango, baada ya ukinzani mwingi na mashaka mengi. Somo la kipindi kile ni kwamba watu walisadiki zaidi walipoelezwa sababu kwa lugha yao na mtu wanayemjua.

7.0 Hitimisho

Itasemwa kwamba mpangaji hana paa lake wala ua wa kupanda mti, na kwamba maskini hana fedha za jiko bora. Ni kweli. Ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu. Kifuniko cha sufuria, kuloweka maharagi, kikapu cha joto na kutoa mbabula chumbani ni hatua za mtu yeyote, leo hii. Jiko bora ni hatua ya mwezi ambao kipato kinaruhusu, na hujilipa kwa magunia yasiyonunuliwa. Tofali, pipa na mti ni hatua za mwenye nyumba, naye anapaswa kukumbushwa kwamba korongo analolianzisha halitamwuliza jirani kama ni mpangaji au mmiliki.

Waswahili husema figa moja haliinjiki chungu. Moto peke yake, au maji peke yake, au ukuta peke yake hautoshi. Hata hivyo, mafiga huwekwa moja baada ya jingine, na la kwanza kwa Butembo na Beni ni jiko. Kwa wanafunzi wa Kiswahili ipo kazi mahsusi: kukusanya majina ambayo wapishi, wajenzi na wachoma makala wa miji hii wanayatumia kwa sehemu za jiko, aina za moto, viwango vya ukavu wa kuni na namna za udongo, kabla istilahi ngeni hazijayafunika. Kijitabu cha jiko bora kitakachoandikwa kwa maneno hayo kitasomwa.